Mji Wenye Plaza Nyingi: Nianzie Wapi Nikifika Iloilo?

SWALI: Mimi ni baharia wa Tanga, nafanya kazi chumba cha mitambo. Mwenzangu wa zamu ni Mfilipino wa Iloilo, na amenialika kwao mwishoni mwa Januari tukimaliza mkataba. Nitakuwa na siku nne au tano hivi. Sasa kila nikiwauliza Wafilipino wa melini katikati ya mji ni wapi, huyu ananiambia Jaro, yule Molo, mwingine Mandurriao. Mwenyeji wangu mwenyewe anasema kwao ni La Paz, na nikishaiona La Paz nimemaliza. Nifikie wapi, nianzie wapi, na kipi nisikikose? Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo habari za chakula naomba unieleze wazi.

JIBU: Ndugu yangu, hao wenzako wote wamekwambia kweli. Iloilo unayoiona leo kwenye ramani ilikuwa miji kadhaa iliyojitegemea, kila mmoja na mamlaka yake. Mwaka 1937 Iloilo ilipozinduliwa kuwa jiji lenye hati yake, Molo, Mandurriao, La Paz na Arevalo ziliingizwa ndani. Jaro, iliyokuwa na fedha na kiburi kuliko zote, ilikuja kuunganishwa mwaka 1941. Lakini hakuna aliyebomoa plaza yake ili kumfurahisha mwenzake. Kila mtaa mkuu umebaki na uwanja wake, kanisa lake linaloutazama uwanja huo, soko lake, mtakatifu wake na sikukuu yake. Ukimuuliza mtu wa Jaro katikati ni wapi, atakutajia pale alipobatizwa.

Kwa hiyo usiutafute moyo mmoja wa mji, utazunguka bure. Panga siku zako kwa plaza.

Kwanza upate picha ya mahali. Iloilo iko pwani ya kusini ya kisiwa cha Panay, na mbele yake ng'ambo ya mlango wa bahari kuna kisiwa cha Guimaras, ambacho huikinga bandari na mawimbi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 457,626. Ndani ya mji unapita Mto Iloilo. Wenyeji wanauita mto, lakini wewe baharia utaona mara moja kuwa ni mkono wa bahari: maji yanajaa na kupwa humo. Upande wa kusini wa mto, kati yake na bahari, ziko sehemu tatu zilizojipanga kuelekea magharibi: mji wa zamani wa bandari, kisha Molo, kisha Arevalo. Upande wa kaskazini ziko Lapuz, La Paz, Mandurriao, na juu zaidi Jaro. Jumla saba. Ukiujua mto uko wapi, hupotei.

Mimi ningeanzia bandarini, na sisemi hivyo kwa sababu tu wewe ni mtu wa meli. Utajiri wote utakaouona kwingine ulipitia hapo. Kando ya mto kuna gati linaloitwa Muelle Loney, kwa jina la Nicholas Loney, Mwingereza aliyefika mwaka 1856 kuwa makamu wa konseli wa nchi yake, mwaka mmoja baada ya Wahispania kuifungua bandari kwa biashara ya dunia. Kabla yake Iloilo ilikuwa mji wa wafumaji. Nyumba kwa nyumba kulikuwa na vitanda vya mfumi, wanawake wakifuma nguo nyepesi za nyuzi za nanasi na za mgomba wa abaka, na nguo hizo zilikwenda Manila na ng'ambo. Loney akaleta pamba za bei rahisi kutoka viwanda vya Uingereza, na meli zilizozileta zikahitaji mzigo wa kurudi nao. Mzigo huo ukawa sukari. Akawakopesha wenye mashamba mashine za kusagia miwa, na matajiri wa Iloilo wakavuka kwenda kisiwa cha Negros kufungua mashamba makubwa. Katika muda wa kizazi kimoja vitanda vya mfumi vikawa vichache, na maghala ya sukari yakajaa ukingoni mwa mto. Sisi watu wa pwani tunaojua jinsi merikani, ile nguo ya pamba kutoka ng'ambo, ilivyoingia kwetu kwenye karne hiyo hiyo hatuhitaji kuelezwa sana. Loney mwenyewe alifariki mwaka 1869, na mpaka leo wapo Wailonggo, yaani watu wa Iloilo, wanaomwona mfadhili na wapo wanaomwona mwuaji wa kazi ya mama zao. Mimi naona alikuwa yote mawili. Jina lake limebaki gatini, na vitanda vya mfumi vilivyobaki ni vya kutafuta.

Kutoka gatini tembea kwa miguu hadi Calle Real. Jina rasmi la barabara hiyo ni J. M. Basa, lakini hutasikia watu wakilitumia sana. Hapo kuna majengo ya biashara ya miaka ya 1920 na 1930: kuta za saruji zilizopambwa, pembe zilizoviringwa, majina ya wenyewe yamechongwa juu kabisa karibu na paa. Usiangalie maduka ya chini yanayouza viatu na simu, inua macho. Wageni hushangaa jinsi mtaa wote ulivyosalimika, na waongozaji wengi huwaambia kuwa ni kwa sababu watu wa Iloilo wanapenda urithi wao. Wanapenda, ndiyo, lakini sababu ya kwanza ni fedha. Migomo mikubwa ya makuli bandarini mwaka 1930 na 1931 iliwasukuma wenye sukari kusafirisha moja kwa moja kutoka Negros, ambako viwanda vipya vilikuwa vimeshajengwa. Bandari ikapoa, na baadaye vita ikaumaliza utajiri uliobaki. Mahali pasipo na fedha hakuna anayebomoa jengo la ghorofa tatu ili ajenge la ghorofa ishirini. Umaskini wa miaka hiyo uliwatunzia mtaa wao, na kizazi cha leo kikaupaka rangi.

Hatua chache kutoka hapo iko Plaza Libertad. Ni bustani ndogo, unaweza kuipita bila kuiona. Baada ya Manila kuanguka mikononi mwa Wamarekani Agosti 1898, Wahispania walihamishia serikali yao Iloilo, kwa hiyo kwa miezi michache mji huu ndio uliokuwa makao yao makuu ya mwisho visiwani. Tarehe 25 Desemba 1898, kwenye plaza hiyo, Jenerali Diego de los Ríos alimkabidhi mji Jenerali Martin Delgado wa wanamapinduzi wa Kifilipino. Furaha haikudumu. Tarehe 11 Februari 1899 manowari za Marekani ziliupiga mji mizinga, na wanamapinduzi waliokuwa wanaondoka wakauchoma moto. Ndiyo maana majengo ya enzi ya Wahispania ni haba mjini kati, ilhali Jaro na Molo, zilizokuwa mbali na bandari, bado zinayo.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna Makumbusho ya Historia ya Bahari ya Ufilipino, yaliyofunguliwa 2023. Wewe nenda, tena nenda na mwenyeji wako. Iloilo ni mmoja wa miji inayotoa mabaharia wengi Ufilipino. Chuo chao cha John B. Lacson kilianza mwaka 1948 na kina kampasi Molo na Arevalo, na asubuhi utawakuta vijana wa kadeti katika sare nyeupe wakipanda magari kwenda darasani. Makumbusho ya Taifa ya kanda nayo yako karibu, ndani ya gereza la zamani la mkoa lililojengwa 1911. Kama una hamu ya ile habari ya wafumaji, utazikuta nguo zao humo.

Sasa Molo na Jaro, na hizi ningeziona siku moja kwa sababu zinabishana, na ubishi wenyewe ndio utamu.

Molo ilianza kama mtaa wa Wachina. Wafanyabiashara wa Kichina walioa wenyeji, watoto wao wakasoma, na kutoka mtaa huo mdogo wakatoka majaji na wanasiasa wengi kiasi kwamba watu wake hujiita Athens ya Ufilipino. Plazani wameweka hata sanamu za miungu wa kike wa Kigiriki, jambo ambalo kwangu limezidi kidogo. Kanisa lao, la Mtakatifu Anna, lina minara miwili iliyochongoka na limejengwa kwa mawe ya matumbawe, mawe yale yale unayoyajua kutoka kwenye magofu ya kwenu Tanga. Ndani, juu ya nguzo zilizopanga safu mbili, kuna sanamu 16 za watakatifu, na wote ni wanawake. José Rizal, shujaa wa taifa, alipita hapa Agosti 1896 meli yake ilipotia nanga Iloilo, miezi michache kabla ya kupigwa risasi Manila. Mbele ya plaza kuna jumba la zamani la kitajiri ambalo sasa ni duka la zawadi. Bustani yake ni pazuri pa kupumzika jua likiwa kali.

Jaro nayo ilikuwa mji wa maaskofu na mabwana wa sukari. Ilipata dayosisi yake mwaka 1865, wakati bandari yenyewe haina. Kanisa kuu lake, nalo ndani limepangwa watakatifu nguzoni, na nguzo zao ni za wanaume. Watu wa Molo hawachoki kulitaja hilo. Juu ya mlango mkuu, kwa nje, kuna roshani yenye ngazi pande mbili, na hapo imewekwa sanamu ya Bikira Maria wa Mishumaa. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja mwenyewe kuivisha taji Februari 1981. Wazee wa Jaro watakwambia sanamu hiyo ya jiwe inakua mwaka hadi mwaka. Usibishane nao.

Kitu cha ajabu zaidi Jaro ni mnara wa kengele. Haukugusana na kanisa, uko ng'ambo ya barabara, umesimama peke yake plazani. Ulipasuka vibaya kwenye tetemeko kubwa la Januari 1948 na ukakarabatiwa baadaye. Karibu nao utaona sanamu ya Graciano López Jaena, mzaliwa wa Jaro, aliyekimbilia Hispania na kuanzisha gazeti la La Solidaridad huko Barcelona mwaka 1889 kudai haki za Wafilipino.

Ukitoka plazani, tembea barabara za Jaro polepole. Majumba ya wenye sukari bado yapo: Nelly's Garden ya 1928, nyeupe, nyuma ya kiwanja kirefu cha nyasi, na jumba la Lizares la 1937 ambalo sasa ni shule. Mashamba yalikuwa Negros, jasho lilimwagika Negros, lakini nyumba za kuonyesha zilijengwa Jaro. Nelly's Garden inataka miadi, hivyo mwambie mwenyeji wako apige simu mapema. Mengine utaridhika kuyaona kupitia geti.

La Paz ni kwao, sitaingilia. Nitakwambia jambo moja tu, na hapo ndipo swali lako la chakula linapoingia. Fahari ya La Paz ni supu ya tambi iitwayo batchoy, iliyozaliwa sokoni kwao; maduka mawili matatu ya zamani kila moja lina hadithi yake ya nani aliianza. Batchoy ni nguruwe kuanzia chini hadi juu: mchuzi wa mifupa yake, matumbo yake, ini lake, na ngozi yake iliyokaangwa na kupondwa ikanyunyizwa juu. Ukiambiwa "tutakutolea nyama", mchuzi bado ni ule ule. Mwenyeji wako huenda atahuzunika kidogo kuwa hukuionja, mweleze mapema mkiwa bado melini. Nenda naye sokoni hata hivyo, kwa kahawa. Kahawa ya soko la La Paz ni nzito, na baraza lake halina tofauti na la kwenu: wazee, siasa, na mtu mmoja anayejua kila kitu.

Pancit molo, supu ya Molo yenye vifurushi vya unga, nayo huwa na nguruwe. Siopao, maandazi ya mvuke yanayofanya watu wapange foleni Calle Real, yana nguruwe. Kuku wa kuchoma wapo kila mahali na ni watamu, lakini uchinjaji wake si wa Kiislamu, hilo utaamua mwenyewe. Neno la kukumbuka ni baboy, ndilo nguruwe. Uliza, "May baboy ini?", yaani, hiki kina nguruwe? Watakujibu kwa adabu na bila kushangaa, maana Waislamu kutoka Mindanao wanafanya biashara mjini.

Usidhani utashinda njaa. UNESCO iliutangaza Iloilo mwaka 2023 kuwa mji wa ubunifu katika mapishi, na sehemu kubwa ya mapishi hayo ni bahari na bustani. Samaki wa kuchoma, chaza, kamba, kaa. Kuna supu ya mboga iitwayo laswa, nyepesi, ya bamia, boga na majani, ingawa wengine hutia kamba wadogo. Na kuna kadyos, ambazo ni mbaazi hizi hizi zetu, nyeusi nyeusi kidogo, huchemshwa na kuku na kiini laini cha shina la mgomba, kisha hutiwa ukali wa tunda liitwalo batwan, lifanyalo kazi ya ukwaju. Iko na ya nguruwe pia, hivyo uliza kwanza. Kama mama mwenye nyumba atakubali kukupikia mbaazi bila nyama yoyote, batwan imo, utamshukuru kwa Kiswahili bila kujijua.

Kwa samaki nenda Arevalo, hasa ufukwe wa Villa, jioni. Arevalo ndiyo kongwe kwa maana ya Wahispania: ilianzishwa mwaka 1581 na gavana Gonzalo Ronquillo de Peñalosa, akaipa jina la mji aliozaliwa. Leo inajulikana kwa maua, fataki, na nyumba chache za mawe ambamo utakaribishwa kikombe cha chokoleti nzito. Vitanda vya mfumi nilivyokutajia, vichache vimebaki huko. Ufukwe wenyewe ni wa mchanga wa kijivu, usiulinganishe na wa Pangani. Unakwenda kula.

Mandurriao ni habari nyingine. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa huko hadi Juni 2007, ulipohamishiwa nje ya mji upande wa Cabatuan, na eneo lake lote likageuka mji mpya wa ofisi, hoteli, maduka makubwa na jumba la mikutano. Ni safi, ni laini, na ungeweza kuwa popote Asia. Lakini kama hutalala nyumbani kwa mwenzako, lala huko. Hoteli ni nyingi, na unavuka barabara moja unafika mtoni.

Mto wenyewe usiukose. Miaka ya nyuma ulikuwa umejaa takataka, mabwawa ya samaki na vibanda vilivyozuia maji. Serikali ilikuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari ukingoni. Mbunifu wa mandhari Paulo Alcazaren akachora njia ya waenda kwa miguu badala yake, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa 2012. Sasa njia hiyo imerefushwa pande zote mbili kwa kilomita kadhaa, na mikoko haikukatwa. Iko zaidi ya aina 20. Nenda alfajiri baada ya sala, wakati wazee wananyoosha viungo na maji yanapanda. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho kitu kimoja ambacho watu wa plaza zote wanakitumia pamoja bila kubishana.

Kusafiri kati ya plaza na plaza ni rahisi. Kuna jipni, daladala zao, na mabasi madogo yenye majina ya mitaa mbele, na nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Ukitaka kushuka sema "lugar lang". Ukisema neno la Manila watajua wewe mgeni, ingawa wewe wangejua tu kwa rangi yako.

Hapo pa mwisho panataka maelezo, kwa sababu umesema Januari. Jumapili ya nne ya mwezi huo ni Dinagyang, sikukuu ya Mtoto Yesu, iliyokua kutokana na sanamu iliyoletwa kutoka Cebu mwaka 1968. Vikundi hucheza ngoma barabarani mjini kati kwa mpangilio wa kutisha, mamia ya vijana kama mwili mmoja. Wachezaji wanaigiza Waati, wenyeji wa asili wa Panay, watu weusi wenye nywele za kipilipili, na kwa miaka mingi wamekuwa wakijipaka rangi nyeusi ili wafanane nao. Nakuambia mapema ili usishtuke ukiwa katikati ya umati. Wanaocheza wanaamini wanawaheshimu Waati. Waati wenyewe wengi wanaishi maskini pembezoni, na mjadala juu ya rangi hiyo upo huko huko Ufilipino. Watu watataka kupiga picha nawe. Ukikubali au ukikataa kwa tabasamu, yote sawa, hakuna atakayekasirika.

Siku hizo vyumba hujaa na bei hupanda, barabara za mjini kati hufungwa, na Calle Real huwezi kuiona kwa watu. Ukiweza, fika siku tatu kabla ya Jumapili hiyo, maliza bandari, Molo na Arevalo kwanza, kisha uwaachie wao mji. Na kama kampuni yenu haikuharakishi, sogeza likizo yako hadi tarehe 2 Februari. Hiyo ndiyo siku ya Bikira wa Mishumaa, na Jaro huifanya kama vile Dinagyang haikuwahi kutokea.